Maneno Yasiyo na Mwalimu

Kila Agosti, mitihani ya taifa ya kidato cha sita ikishapita, papeteri za Kigali, yaani maduka ya vifaa vya kuandikia na kurudufisha, hupata wateja wa aina moja: vijana wanaorudufisha vitabu vya kujiandalia SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani. Vingi ni vya zamani. Vililetwa na ndugu aliyerejea kutoka Marekani au vilipakuliwa mtandaoni, vikapita mkono kwa mkono hadi jalada na mwaka wa uchapaji vikapotea. Kurasa zinazotafutwa zaidi ni zile za nyuma, zenye orodha ya maneno magumu. Orodha iliyovuma kuliko zote ina maneno 3,500. Kijana akijipangia maneno 30 kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, atahitaji siku 117 kuimaliza, na akifika mwisho atakuwa ameshasahau mwanzo.

Vijana hawa ndio ninaowafundisha, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Orodha hizo haziwafai, na urefu wake si hoja kubwa. Hoja ni kwamba hazigusi mahali wanapopwaya. Maneno adimu hayawaangushi. Yanayowaangusha ni maneno ya kati, ambayo wameyaona darasani mara zisizo na idadi na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kusimama akayafundisha.

Nifafanue. Msamiati wa Kiingereza cha shule una mafungu matatu. La kwanza ni maneno ya kila siku, ambayo mtoto huyaokota kwenye filamu, muziki na vitabu vya darasa la nne. La pili ni istilahi za masomo: "photosynthesis", "isotope", "mercantilism". Haya yanatisha kwa sura, lakini yana mwenyewe. Mwalimu wa Biolojia huliandika neno lake ubaoni, hulichorea mchoro, hulitolea maana, kisha huliuliza kwenye jaribio. Fungu la tatu ndilo lenye matata: "suggest", "attribute", "account for", "undermine", "tentative", "inherent". Huyasikii sokoni Kimironko, wala hayamo katika muhtasari wa somo lolote. Mwalimu wa Fizikia huyatumia kana kwamba kila mtu anayajua, na mwalimu wa Kiingereza hudhani yamekwisha kufundishwa huko kwenye Fizikia. Yanabaki hayana mwalimu.

Ukubwa wa fungu hili umepimwa. Mwaka 2000, mwanaisimu Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na minyambuliko yake), aliyoipata kwa kuchambua matini za kitaaluma za sanaa, biashara, sheria na sayansi. Familia hizo 570 peke yake zinabeba takriban asilimia 10 ya maneno yote ya matini za namna hiyo. Yaani katika ukurasa wa kitabu cha chuo, kila baada ya maneno kumi hivi unakutana na moja la kundi hili. Mwenzake Paul Nation, naye wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia 8,000 hadi 9,000 ili ajue maneno 98 katika kila 100 ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza, kiwango kinachomwezesha kusoma bila kushikwa mkono. Kati ya kijana wetu na hizo 8,000 kuna safari ndefu, lakini njia yake haipiti kwenye "perspicacious" wala "lachrymose". Inapita kwenye zile 570 kwanza.

Sasa kwa nini Kigali? Wanafunzi wa Nairobi au Kampala nao husoma kwa Kiingereza, na nao huhangaika. Lakini Rwanda ina historia yake. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba lugha ya kufundishia iwe Kiingereza, badala ya Kifaransa kilichokuwa kimetawala shule nyingi. Utekelezaji ulianza 2009. Mwaka 2011 mpango ukarekebishwa: darasa la kwanza hadi la tatu wasome kwa Kinyarwanda, Kiingereza kianze darasa la nne. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba Kiingereza kirudi tangu darasa la kwanza. Kijana wa miaka 18 au 19 anayefanya SAT leo, kama alisoma shule ya serikali, alianza chini ya mpango wa 2011. Alijifunza kusoma kwa Kinyarwanda, na alipofika darasa la nne vitabu vyake vyote vikageuka Kiingereza kwa mpigo. Mwalimu wake, mara nyingi, alikuwa mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa na kuambiwa afundishe kwa lugha ambayo mwenyewe alikuwa bado anaisomea. Huyo hastahili kulaumiwa. Alifanya alichoweza kufanya mwalimu yeyote katika hali ile.

Na alichofanya ndicho kilichozaa pengo ninalolizungumzia. Kaa nyuma ya darasa la aina hiyo usikilize. Mwalimu anafundisha mmomonyoko wa udongo. Nomino zote anazitaja kwa Kiingereza, kwa kuwa ndizo zitakazoulizwa: "erosion", "terrace", "runoff". Lakini anapofika kwenye kueleza kwa nini hiki kinasababisha kile, anarudi Kinyarwanda. Sababu inakuja na "kubera ko", pingamizi linakuja na "nubwo" au "nyamara". Wanafunzi wanaelewa vizuri sana, na wana haki ya kueleweshwa hivyo. Ila baada ya miaka tisa ya masomo ya namna hii, Kiingereza cha mwanafunzi kina majina ya vitu vingi na hakina viungo vya hoja. Analijua "erosion". Hajawahi kusikia mtu akitumia "whereas", "albeit" au "not so much this as that" katika sentensi hai, iliyoelekezwa kwake, inayomtaka ajibu.

Tahasusi nazo ziliongeza tatizo. Wengi wa wanaolenga vyuo vya Marekani walipita PCM, PCB au MPC, michepuo ya sayansi, ambako baada ya kidato cha tatu hakukuwa na fasihi ya Kiingereza. Kulikuwa na kipindi cha maarifa ya jumla na stadi za mawasiliano, na hicho nacho, waulize wenyewe, mara nyingi kilitumika kumalizia hesabu zilizobaki. Kijana akamaliza shule akiwa na alama nzuri za Kemia bila kusoma insha moja ndefu yenye mtu anayebishana na mtu mwingine.

Hapo ndipo anapokutana na SAT, na bahati mbaya anakutana na picha yake ya zamani. Mtihani huu ulianza 1926, na kwa miaka mingi ulistahili sifa ya kuwa mtihani wa maneno magumu. Kulikuwa na maswali ya vinyume, yaliondolewa 1994. Kulikuwa na maswali ya kulinganisha jozi za maneno, yaliondolewa 2005. Moja la aina hiyo, lililolalamikiwa sana kwa upendeleo wa kitabaka, lilimtaka mtahiniwa ajue kwamba mpiga makasia na "regatta" wanahusiana kama mkimbiaji na mbio za marathoni. (Wavuvi wa Ziwa Kivu hupiga makasia na kuimba usiku baada ya usiku, lakini sijamsikia anayeiita kazi yake "regatta".) Kisha mwaka 2016 yakaondolewa hata maswali ya kujaza sentensi yaliyotegemea maneno adimu. Tangu Machi 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani wanafanya mtihani kwenye kompyuta. Orodha ya maneno 3,500 iliandikwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena, na bado inarudufiwa.

Mtihani wa sasa una sura nyingine. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54, yamegawanywa mara mbili, kila nusu dakika 32. Ukipiga hesabu, ni kama sekunde 71 kwa swali, na ndani ya sekunde hizo usome kifungu cha maneno 25 hadi 150, uelewe hoja yake, upime majibu manne. Kundi lenye maswali ya maana ya neno katika muktadha lina maswali 13 hadi 15 kwa jumla, na humo humo yamo ya muundo wa matini na ya kulinganisha matini mbili. Kwa hiyo hata mtu akijua maneno yote ya Kiingereza yaliyowahi kuchapishwa, faida yake ya moja kwa moja ni maswali machache. Faida kubwa ya msamiati iko kwingine: katika kasi na usahihi wa kusoma vifungu vyote 54.

Nitoe mfano, nilioutunga mwenyewe kwa mtindo wa mtihani ule. Kifungu kinasema kwamba wanasayansi waliamini mdudu fulani wa Msitu wa Nyungwe haishi popote nje ya msitu. Baadaye akaonekana kwenye mashamba ya chai yanayopakana na msitu huo. Ugunduzi huo, kinaendelea kifungu, "did not so much overturn the earlier view as" nafasi tupu "it", kisha nukta mbili: mdudu huyu hutafuta chakula mashambani, lakini hutaga mayai msituni tu. Majibu manne ni "refute", "corroborate", "qualify" na "disregard".

Nimewapa swali hili vijana wengi. Wenye orodha wanachagua "refute", na wanachagua kwa furaha, kwa sababu "refute" na "corroborate" ni maneno waliyoyakariri na wanayaona kama zawadi. "Qualify" hawaitazami hata mara mbili. Wanaijua tangu utotoni: ndiyo inayotajwa timu ya taifa ya soka, Amavubi, inapocheza mechi za kutafuta nafasi Kombe la Mataifa ya Afrika. Ni kufuzu, basi. Lakini katika maandishi ya kitaaluma "qualify" ni kuiwekea kauli mipaka, kusema ni kweli lakini si katika kila hali, na hilo ndilo jibu. Mdudu bado ni wa msitu kwa uzazi. Dai la zamani halikuvunjwa, limepunguzwa makali.

Tazama makosa mawili yaliyomo humo. La kwanza ni kulijua neno kwa maana moja. La pili, ambalo ndilo zito, ni kutoiona "not so much … as". Aliyeisikia vizuri amekwisha kuambiwa kwamba jibu si kuvunja, kwa kuwa "overturn" imetajwa na kukataliwa hapo hapo. "Refute" ni ndugu yake "overturn", kwa hiyo nayo imekataliwa. Nukta mbili zinasema: maelezo yanafuata. Mwanafunzi anayefuata viungo angeweza kupata jibu kwa kuondoa yasiyofaa hata kama hajui maana hii ya "qualify". Mwanafunzi wa orodha anajua majibu matatu kati ya manne na bado anakosa.

Maneno ya namna ya "qualify" ni mengi kuliko watu wanavyodhani, na mtihani unayapenda: "address" kwa maana ya kushughulikia tatizo, "arrest" kwa maana ya kusimamisha ukuaji, "champion" likiwa kitenzi, "novel" likiwa kivumishi, "want" kwa maana ya upungufu. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Sisi hukata kamba, hukata tiketi, hukata rufaa, hukata kiu na hukata tamaa, na hakuna mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, aliyejifunza hayo kwa kukariri kwamba kukata ni kutenganisha kwa kisu. Aliyapata ndani ya sentensi, moja baada ya nyingine, kutoka kwa watu waliokuwa na jambo la kusema.

Nije kwenye dhana ninazokutana nazo kila msimu.

Ya kwanza ni kwamba Kifaransa sasa ni mzigo. Wazazi wengi wa Kigali walisoma kwa Kifaransa, na nimewasikia wakijizuia kukizungumza mbele ya watoto ili wasiwachanganye. Wanawanyima mali. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama na ya wakubwa kwa karne kadhaa, na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya wasomi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya msamiati wa juu wa Kiingereza ina asili hiyo. "Réfuter", "corroborer", "attribuer", "interpréter", "lucide", "ambigu": mama aliyemaliza shule Butare mwaka 1990 ana robo ya orodha kichwani bila kujua. Ipo mitego, bila shaka. "Éventuellement" ya Kifaransa ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee, ilhali "eventually" ya Kiingereza ni jambo lililotokea mwishowe. Mitego hiyo inajulikana na inafundishika kwa jioni chache. Vijana wa Kikongo na Warundi wanaoishi kati yetu, ambao hudharauliwa kwa lafudhi yao ya Kiingereza, mara nyingi huwapita wenzao katika maneno haya wakishaonyeshwa uhusiano huo.

Ya pili ni kwamba lugha mama inaharibu. Mwanafunzi anakatazwa Kinyarwanda, anakatazwa Kiswahili, shuleni anatozwa faini. Mimi naona kinyume. Anayezungumza lugha ya Kibantu ana hisia kali ya familia za maneno, kwa sababu lugha zetu zinajengwa hivyo. Kutokana na gusoma, Mnyarwanda anapata umusomyi, isomo na isomero. Sisi kutoka soma tunapata msomaji, msomi, somo, kisomo na usomaji. Mwambie mwanafunzi kwamba "assume", "assumption" na "unassuming" ni mtindo uo huo, kisha umwache aanze kutafuta mwenyewe ni "familia" ipi inageuka vipi. (Atagundua kwamba "unassuming" imepotea njia kidogo, na ugunduzi huo utamkaa kuliko maelezo yangu.) Mwalimu anayeanzia kwenye gusoma anaokoa wiki kadhaa.

Ya tatu inahusu programu za simu za kujifunzia maneno. Hapa lazima niwe mwadilifu, maana wenzangu wengi huzibeza kwa haraka. Kanuni iliyo nyuma yake ni thabiti. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka baada ya kujifunza na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyoizuia. Sebastian Leitner alitengeneza mwaka 1972 mfumo wa kadi katika masanduku, ambapo kadi uliyoipata husubiri muda mrefu zaidi na uliyoikosa hurudi mwanzo. Programu nyingi za leo ni kizazi chake. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojijaribu baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliosoma tena na tena. Kwa hiyo kadi zinafanya kazi. Tatizo ni kinachoandikwa juu yake. Kadi yenye neno upande mmoja na tafsiri ya neno moja upande wa pili inahifadhi kwa uaminifu maana ile ile nusunusu. Ukimpa kijana mfumo bora kabisa wa kukumbuka kwamba "qualify" ni kufuzu, atakosa swali langu akiwa na uhakika zaidi.

Ya nne nitaipitia haraka: kwamba filamu na muziki vinatosha. Vinakupa kuzungumza. Hakuna anayesema "notwithstanding" kwenye filamu za mapigano.

Wapo pia wanaosema mjadala mzima umepitwa na wakati kwa sababu vyuo vya Marekani viliacha kuidai SAT. Viliacha wakati wa korona, kweli, tangu 2020. Lakini MIT ilirudisha sharti hilo 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikafuata, ingawa Yale iliruhusu mitihani mingine mbadala. Hata aliyeamua kubaki nyumbani hakwepi. Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha kwa Kiingereza, Carnegie Mellon ya hapa Kigali vilevile, Kepler vilevile. Maneno ya kati yatamngoja kwenye mhadhara wa kwanza.

Tiba basi. Naanza na mwanafunzi mwenye miezi minne, kwa kuwa huyo ndiye aliyepo. Mitihani ya taifa imeisha Julai; SAT hufanyika mara kadhaa kati ya Agosti na Desemba; vyuo vingi hufunga maombi ya mapema mwanzoni mwa Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Ada ya mtihani kwa mtu wa Rwanda inazidi dola 100, kwa hiyo kujaribu bahati Agosti kisha kurudia si ushauri wa kumpa kila mtu. Ningemwambia alenge Novemba au Desemba, na wiki za mwanzo asiguse kitabu cha maandalizi kabisa. Asome. Achague jambo moja linalomvutia, liwe sokwe wa milimani, historia ya reli au uchumi wa kahawa, alisomee kwa wiki tatu mfululizo katika maandishi ya waandishi mbalimbali. Kubaki kwenye mada moja kuna siri yake: istilahi zinakuwa chache na zinajirudia, akili inapumua, na nafasi hiyo inatumika kuyaona maneno ya kati yakifanya kazi. Mtu anayeruka kila siku kutoka mada hadi mada anapambana na istilahi mpya daima na hafiki kwenye viungo.

Vitabu vipo. Maktaba ya Umma ya Kigali, pale Kacyiru, imefunguliwa tangu 2012, na saa za mchana ina viti vitupu vingi kuliko vyumba vya masomo ya ziada vilivyojaa Remera nzima. Tahariri na makala za maoni za gazeti la The New Times zina faida moja isiyosemwa: zinajadili mambo ambayo kijana anayajua tayari kwa Kinyarwanda, hivyo akikwama kwenye neno anaweza kulikisia kwa kujua jambo lenyewe. Kila aya, aandike kwa sentensi moja mwandishi anadai nini na anampinga nani. Akishindwa kusema anapingwa nani, arudi atafute kiungo alichokiruka.

Kadi azitengeneze kutokana na alichosoma, si kutoka orodha. Upande wa mbele iandikwe sentensi nzima ikiwa na pengo. Upande wa nyuma neno, na chini yake ndugu zake wawili, kisha maana kwa lugha inayomjia kwanza, Kinyarwanda, Kiswahili au Kifaransa, yoyote. Kadi nane kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki kumi na sita zinafika 768. Hizo zinatosha kuzifunika familia 570 za Coxhead na kubakiza nafasi ya vituko vya mtihani. Orodha ya Coxhead yenyewe aitumie mwishoni mwa kila mwezi kama kipimo: apitishe kidole, aone yapi hajakutana nayo, ayatafute katika usomaji unaofuata. Kwa kazi hiyo orodha inafaa kabisa.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo kuliko semina zote walizoitiwa. Mwalimu wa Biolojia aendelee kueleza kwa Kinyarwanda pale ambapo wanafunzi wamekwama; sitamwambia aache. Lakini akishaeleweka, airudie ile sentensi ya sababu kwa Kiingereza, nzima, na kiungo chake, kisha mwanafunzi mmoja aiseme upya. Si kipindi kipya, ni dakika mbili. Na katika kusahihisha majaribio, alama moja itengwe kwa "because", "although" au "therefore" iliyotumika ipasavyo. Wanafunzi wetu wanajifunza kinachopewa alama, kama wanafunzi wa kila mahali.

Ndugu zangu wa Tanzania watakuwa wamejiona katika haya. Mtoto anayemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza anapigwa na mpito ule ule, na walimu wake nao hueleza kwa Kiswahili na kuacha nomino kwa Kiingereza. Hana SAT mbele yake, lakini ana mtihani wa kidato cha nne wenye maswali yanayoanza na "account for", na mtahini anayetaka sababu hupewa orodha ya matukio.

Wazazi wananiuliza zaidi kuhusu vituo vya maandalizi, maana vinatoza fedha nyingi na vyote vina mabango mazuri. Kabla ya kulipa, omba kuona kile ambacho wanafunzi walisoma wiki iliyopita. Kama ni karatasi za maneno na maana zake, mtoto anaweza kuzirudufisha kwa franka chache papeteri yoyote na kukaa nyumbani. Kama ni makala, omba nakala moja, ichukue, na jioni mwambie mwanao akusimulie mwandishi alikuwa anabishana na nani.